Mwaka wa Dukani na Mizani ya Haki



Leo ni Jumapili ya Familia Takatifu, nayo imeangukia katika siku hizi chache zilizo baina ya Noeli na Mwaka Mpya. Kwa watu wa dukani siku hizi zina kazi yake maalumu. Pilikapilika za sikukuu zimepita. Nguo za watoto, mchele na mafuta ya kupikia vimekwisha kununuliwa. Sasa mwenye duka huingia stoo na kalamu na daftari, akahesabu kilichobaki, akatazama nani anadaiwa na yeye mwenyewe anadaiwa na nani. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni busara kuhesabu. Kwa hiyo asubuhi hii tukae pamoja na hao ndugu zetu: wenye maduka, wahudumu wanaosimama nyuma ya kaunta, mama wa genge na kijana atembezaye bidhaa begani, tuutazame mwaka wao mbele ya Mungu.

Mwaka wa dukani ni mrefu. Huanza Januari, wazazi wakitafuta sare na madaftari ya shule huku mifuko yao ikiwa mitupu. Huja majira ya mfungo, sukari, tende na unga vikiulizwa kila mlango. Hufuata sikukuu na nguo zake, kisha masika, mvua ikimzuia mteja nyumbani, ilhali kodi ya pango haijui mvua. Mavuno yakiingia, fedha huonekana tena. Na mwezi wa Desemba watu hawapumui hadi usiku wa Noeli. Katika siku hizo zote yupo mtu aliyesimama. Amefungua kabla ya jua kupanda, amefunga usiku, amejibu swali moja mara mia, amemvumilia mteja aliyemrushia noti kana kwamba hana jina. Na pengine jioni hesabu ilipopungua, yeye ndiye aliyekatwa mshahara. Kazi yake si duni hata kidogo. Mkulima avunaye na mama apikaye hawajuani. Yeye ndiye daraja baina yao. Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kuufananisha Ufalme wa Mbinguni na mfanyabiashara atafutaye lulu nzuri.

Lakini, ndugu zangu, Maandiko Matakatifu yanatuuliza jambo moja kuhusu mwaka kama huo. Katika sura ya nane ya kitabu chake, Nabii Amosi anawasema wafanyabiashara wa Israeli wa siku zile, karne ya nane kabla ya Kristo, nchi ilipokuwa na neema ya mali chini ya Mfalme Yeroboamu wa Pili. Watu hao hawakuacha kwenda ibadani. Siku ya Sabato walifunga maduka yao kama ilivyoamriwa. Ila mioyoni mwao walikuwa wakiuliza sikukuu itakwisha lini, Sabato itapita lini, wapate kufungua ghala na kuuza nafaka. Na papo hapo nabii anataja walichokusudia kufanya wakisha kufungua: kipimo wakipunguze, bei waiongeze, mizani waipotoshe, na hata makapi ya ngano wayauze pamoja na ngano.

Tuangalie vema jinsi nabii alivyoyaunganisha mambo hayo mawili. Twaweza kudhani kwamba kukosa subira siku ya Bwana ni kosa moja, na kupunja kipimo ni kosa jingine. Kwa Amosi yanatoka katika shina moja. Mtu asiyeweza kufunga duka moyoni mwake walau siku moja, polepole huanza kuwatazama watu wote kama bidhaa. Mteja huwa ni fedha inayotembea. Mhudumu huwa ni chombo cha kazi. Mke na watoto huwa ni gharama. Akifika hapo, kuchezea mizani si jambo kubwa tena. Amekwisha kuwapunja watu katika macho yake kabla ya kuwapunja katika kilo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini Tanzania, kishawishi hicho kiligonga katika maduka mengi. Mwenye mifuko michache stoo angeweza kuificha, akaitoa usiku kwa bei aitakayo. Angeweza pia kuigawa kilo moja moja kwa haki, jirani maskini apate sawa na mteja tajiri. Bidhaa ni ile ile, uhaba ni ule ule. Tofauti ni iwapo mwenye duka bado anawaona watu.

Sasa tuitazame Familia Takatifu. Yosefu alikuwa fundi seremala. Nyumba yake ilikula kwa jasho la mikono yake, wala hatusomi popote kwamba alikuwa na akiba. Hata hivyo Mwinjili Luka anatueleza kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita mia moja, kwa miguu, kwenda na kurudi. Maana yake ni kwamba kila mwaka fundi yule maskini aliacha kazi yake kwa siku nyingi. Yamkini wako wateja waliokwenda kwa fundi mwingine. Yosefu alikubali hasara hiyo. Na katika safari mojawapo ndipo yeye na Maria walipomtafuta Mtoto siku tatu, wakamkuta hekaluni. Waliona pengo la Mtoto kwa sababu walikuwa pamoja naye. Je, katika nyumba zetu, mtoto akipotea moyoni, akiacha sala, akiacha shule, baba na mama walioko dukani toka alfajiri hadi usiku watagundua baada ya siku ngapi?

Nasikia wengine mkinijibu, nanyi mna haki ya kujibu: Padre, nikifunga, mteja atakwenda kwa jirani, wala mwenye nyumba hatanisamehe kodi. Ni kweli. Aidha, ziko kazi zisizoweza kusimama: mgonjwa huhitaji dawa hata Jumapili, na msafiri huhitaji chakula. Kanisa halimtwiki mtu mzigo usiobebeka. Lakini kati ya kufunga kabisa na kutofunga kamwe iko njia. Iko zamu. Liko duka linalofunguliwa baada ya Misa. Iko siku nyingine ya juma apewayo yule aliyefanya kazi Jumapili. Huko Filipi, Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau, alikutikana siku ya Sabato kando ya mto, mahali pa sala, wala si penye bidhaa zake. Hapo Bwana alimfungua moyo, na nyumba yake yote ikabatizwa.

Tena jambo hili si hisani tu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida kuwa siku 6 na saa 45 za kazi kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya mwaka ya siku 28. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu katika waraka wake Rerum Novarum alifundisha kwamba pumziko la siku ya Bwana ni haki ambayo hata mfanyakazi mwenyewe hawezi kuiuza, kwa kuwa ni deni lake kwa Mungu.

Nawafikiria hasa wale ambao sheria hiyo haiwafikii kwa urahisi. Yuko binti aliyeletwa kutoka kijijini kumsaidia mjomba dukani. Hana mkataba, kwa sababu ni ndugu. Hana siku ya kupumzika, kwa sababu anakula na kulala hapo hapo. Mwaka umekwisha, hakuhudhuria mafundisho ya Kipaimara, hakwenda kumwona mama yake. Anaitwa mtoto wa nyumbani, lakini watoto wa nyumbani walikuwa shuleni. Ewe ndugu mwenye duka, katika Jumapili hii ya Familia Takatifu, binti huyo ni wa familia au ni wa stoo? Nanyi makatekista, mkiona kiti cha kijana wa dukani kitupu darasani, msimwandike mtoro upesi. Nendeni mkazungumze na mwajiri wake, mkampangie saa inayowezekana.

Tunakumbuka Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka lilipoporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Watu zaidi ya 20 walifariki dunia, na wengine wengi waliokolewa katika kifusi. Saa ile watu waliochimba kwa mikono hawakuuliza ni marobota mangapi yaliyokuwa ndani. Waliuliza ni watu wangapi, na wako upande gani. Tuwaombee marehemu wale pumziko la milele. Nasi tujifunze kuuliza swali hilo wakati kuta zingali zimesimama.

Basi juma hili, mkimaliza kuhesabu bidhaa, fungueni ukurasa mmoja zaidi katika daftari. Mwenye duka aandike: nimempunja nani, nani nimrudishie? Yuko mdaiwa asiye na uwezo kabisa. Je, naweza kumfutia? Waliofanya kazi kwangu walipumzika siku ngapi, na mwaka ujao siku yao itakuwa ipi? Mhudumu aandike: ni nani nilimhudumia kwa moyo, na nilikuwa mwaminifu kwa chenji na kwa ufunguo niliokabidhiwa? Sisi wateja nasi tuandike: je, namjua kwa jina yule aniuziaye mkate kila siku? Deni langu kwake nimelilipa?

Ee Bwana, uliyekua katika nyumba ya fundi, zipokee siku zote za kazi za mwaka huu. Uwape waliochoka pumziko, uwape waliodhulumiwa haki yao, nawe usafishe mizani zetu na macho yetu. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.