Kengele ya Oili Ikilia, Usikate Waya

(Mazungumzo na wavuvi na waendesha boti katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kengele ya mashine ya boti. Tunasema ile mashine inayopachikwa nyuma ya boti. Mashine nyingine zina kengele ya kutuonya kwamba oili imepungua. Inapolia, wengi wetu huiona ni kelele tu. Sisi wenyewe tuliiona hivyo. Kwa hiyo kwanza tutawaeleza kosa letu, halafu tutawaeleza la kufanya.

KOSA LETU

Kikundi chetu kina watu 12. Kazi yetu ni kubeba samaki na abiria kutoka visiwani. Mashine yetu ya kwanza haikuwa na kengele. Oili tulichanganya wenyewe ndani ya petroli. Baadaye tulikopa fedha, tukanunua mashine kubwa zaidi, iliyokwisha kutumika. Hiyo huchanganya oili yenyewe. Ina matangi mawili ya oili. Tangi kubwa liko ndani ya boti. Tangi dogo liko kwenye mashine, chini ya kifuniko. Oili hutoka tangi kubwa, hupita katika mpira, huingia tangi dogo, ndipo iende ndani ya mashine.

Siku moja kengele ililia. Tukatazama tangi kubwa: limejaa! Tukasema, "Ah, kengele hii inadanganya." Mama mmoja, mweka hazina wetu, akauliza, "Kitabu cha mashine kinasemaje?" Tukamjibu, "Mama, kitabu ni cha Kiingereza. Na tangi si unaliona limejaa?" Basi, tukakata waya wa kengele. Kelele ikaisha. Tukafurahi.

Siku ya tatu, jioni, tulikuwa katikati ya maji na abiria 9. Mashine ikanoki. Tulijaribu kuiwasha, haikuzunguka kabisa. Upepo ukatusukuma mbali na nchi kavu. Mmoja wa abiria alikuwa mama mwenye mtoto mchanga. Jaketi okozi zilikuwa 5 tu, na kasia lilikuwa moja. Giza likaingia. Tuliona taa za wavuvi wa dagaa kwa mbali, tukawapungia tochi. Wakaja, wakatuvuta mpaka mwaloni. Tunashukuru hakufa mtu. Lakini mashine ilikufa, na mkopo wake tuliendelea kuulipa.

Hatutaki kusema nani aliushika ule waya. Sote tulikubali ukatwe.

Fundi alipofungua tangi kubwa, alikuta maji. Mvua iliingia kwa sababu kifuniko hakikubanwa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini. Na mpira hunyonya kutoka chini. Maji na uchafu viliziba chujio, oili ikashindwa kupita. Kumbe kengele haikuwa inalinda tangi kubwa. Ilikuwa inalinda tangi dogo! Tangi dogo lilikuwa linakauka, na kengele ilisema kweli.

KENGELE IKILIA, FANYA HIVI

1. Punguza mwendo mara moja. Mashine nyingine hupunguza mwendo zenyewe. Usilazimishe kwenda mbio.

2. Tazama maji yanayotoka kwenye kitundu cha nyuma ya mashine. Katika mashine nyingi kengele hulia pia mashine ikipata joto kupita kiasi. Kama maji hayatoki, zima mashine. Huenda magugumaji au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji. Ondoa uchafu huo. Kama maji yanatoka vizuri, tazama oili.

3. Tia nanga, zima mashine, fungua kifuniko. Tazama matangi yote mawili. Kama yote yamepungua, ongeza oili. Kama tangi kubwa limejaa lakini dogo limepungua, fuata mpira kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Je, umekunjika? Umekaliwa na gunia? Umepasuka au kuchomoka? Je, kifuniko cha tangi kimebanwa? Je, chini ya tangi kuna maji? Ukiuchomoa mpira, hewa huingia. Lazima hewa hiyo itolewe kama kitabu kinavyoagiza.

4. Kama matangi yote yamejaa na mpira ni mzima, huenda ubovu uko kwenye kengele yenyewe. Labda kiboya cha ndani ya tangi kimekwama, au waya umeota kutu. Lakini hilo aliamue fundi. Mpaka atakapoamua, amini kengele.

5. Ili ufike nyumbani salama, changanya oili ndani ya petroli kama tulivyofanya zamani. Tumia kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili katika lita 20 za petroli. Mashine iwe imezimwa, na mtu asivute sigara karibu. Halafu nenda polepole. Oili ikizidi kidogo, mashine itatoa moshi na plagi zitachafuka. Oili ikikosekana, mashine inakufa. Lipi afadhali?

MASHINE ZA AINA NYINGINE

Sasa sikilizeni vizuri. Hatua ya 3, ya 4 na ya 5 ni za mashine inayounguza oili pamoja na petroli. Kuna mashine nyingine ambazo oili yake hukaa ndani, kama ya gari. Hizo usichanganye oili katika petroli yake! Kengele ya oili ikilia, zima mashine. Isimame wima, subiri dakika chache oili ishuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kama imepungua, ongeza oili ya aina iliyoandikwa katika kitabu, lakini usipite alama ya juu. Kama oili inatosha na kengele bado inalia, usiwashe tena. Piga makasia au omba kuvutwa. Na kama oili ina rangi ya maziwa, maji yameingia. Mpelekee fundi.

TUMIENI KUSOMA KWENU

Ndugu zetu, ninyi mnajua kusoma. Kusoma kusiishie kwenye gazeti. Mnaponunua oili, someni kopo. Oili ya mashine za boti zinazounguza oili pamoja na petroli huwa na herufi TC-W3. Msinunue oili ya kumiminwa katika chupa isiyo na maandishi. Huwezi kujua ni ya nini wala kama ina maji.

Sisi tulikwenda kwa mwalimu wa shule yetu, akatusaidia kukifasiri kile kitabu cha Kiingereza. Hatua za kengele tuliziandika kwa Kiswahili juu ya ubao, tukaupigilia misumari ndani ya boti. Mama yule mweka hazina ndiye aliyeandika. Sasa ana daftari pia. Kila asubuhi kabla ya safari, mtu hutazama tangi kubwa, tangi dogo na mpira, halafu hutia sahihi. Asiyetia sahihi haondoi boti. Jaketi okozi sasa zinatosha watu wote, na kasia la pili lipo.

Mashine mpya tuliyonayo leo nayo ina kengele. Ikilia, hakuna anayesema inadanganya. Tunasimama, tunasoma ubao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeujenga, na gharama yake tunaijua. Ninyi zibeni ufa.

 Mwenye swali aulize.