Dai Moja, Ushahidi na Sauti: Namna ya Kuandaa Hotuba ya Hadhara



Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akataka azimio lidai uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa. Hakuachiliwa hadi 1961. Urefu wa hotuba ile umesahaulika, dai lake halikusahaulika. Basi, kwanza, jiulize: msikilizaji akifika nyumbani akaulizwa kilichosemwa, atajibu nini? Usipoweza kumjibia kwa sentensi moja, hotuba yako haijaiva.

Pili, ushahidi. Ukisema kiwanja cha umma kimenyakuliwa, kitaje, pamoja na nambari yake na tarehe. Wakili haendi mahakamani na uvumi. Msemaji naye asiende nao Kamukunji. Uongo mmoja utawapa wapinzani sababu ya kuzitupa kweli tisa.

Tatu, sheria. Tangu mageuzi ya 1997 hatuombi leseni ya mkutano. Tunampa mkuu wa kituo cha polisi taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, hulinda mkutano wa amani usio na silaha. Lakini Kifungu cha 33 hakimkingi mchochezi wa vurugu au chuki.

Nne, utoaji. Uwanjani sauti hutawanyika. Tumia sentensi fupi, nyamaza kidogo baada ya kila dai, wala usishindane na makofi. Badala ya kusoma makaratasi, shika kadi yenye vichwa vitatu.

Mwisho, umati ukipandwa na hasira, shusha sauti. Mnamo 7 Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano wa Kamukunji, walikuwa tayari kizuizini. Wananchi waliotoka siku ile ndio waliokabiliana na askari, na baadhi yao waliuawa. Msemaji aghalabu huondoka kwa gari, na msikilizaji hurudi kwa miguu akipita penye virungu. Kwa hiyo usimtume mahali ambapo wewe hutamtangulia.