Klachi hutoa taarifa kabla ya kukatisha safari

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa tuzungumzie utunzaji wa pikipiki za miradi. Tumechagua sehemu moja tu, nayo ni klachi. Sababu tunayo.

Wakati fulani pikipiki yetu ilitoka Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikapandisha Milima ya Livingstone. Ilibeba mipira ya pampu ya mkono kwa ajili ya kijiji ambacho kisima chake kilikuwa kimesimama. Katikati ya mlima injini ikanguruma, lakini pikipiki haikwenda. Klachi ilikuwa imeungua. Kijiji kile kilisubiri siku 6 zaidi, na akina mama wakaendelea kuteka maji mtoni. Sisi ofisini tukawa wepesi kumlaumu dereva. Baadaye tulipofungua daftari la pikipiki, tulikuta ameandika mara mbili: “Klachi inateleza.” Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesoma.

Tuanze na kazi yake. Katika pikipiki nyingi za kazi, klachi ni sahani nyembamba kadhaa zinazobanwa pamoja na springi, ndani ya oili ya injini. Zikibanwa, nguvu ya injini hufika kwenye gurudumu. Ukivuta mkono wa klachi zinaachana, nawe unabadili gia. Kwa hiyo ugonjwa wake ni wa namna mbili. Klachi isiyobana huteleza: mlio wa injini unapanda mlimani, mwendo hauongezeki, na pengine harufu ya kuungua inasikika. Klachi isiyoachia hufanya gia ziwe ngumu, na pikipiki hutaka kwenda mbele hata kama umevuta mkono wote.

Tunashauri ukaguzi ufanyike siku 3 kabla ya safari ndefu. Asubuhi ya safari hakuna tena muda wa kutafuta spea.

Kwanza, mkono wa klachi. Ncha yake iwe na nafasi ya kucheza kidogo kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20, lakini kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho cha kufuatwa. Waya ukikazwa mno, sahani hazibani sawasawa na zitaungua. Ukilegea mno, haziachani. Mara nyingi tatizo huishia hapa, kwa kurekebisha nati tu, bila kutumia hata shilingi.

Pili, waya. Chunguza mahali unapoingia kwenye mkono na unapofika kwenye injini. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, badilisha. Waya wa namna hiyo haufai kupakwa oili na kuombewa safari njema.

Tatu, oili. Angalia kiasi chake na aina yake. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na dawa hiyo huweza kufanya klachi iteleze. Kwa pikipiki ambayo klachi yake imo ndani ya oili ya injini, tafuta kopo lenye maandishi JASO MA.

Nne, jaribio la barabarani. Injini ikishapata moto, endesha mahali tambarare pasipo na watu, kwa mwendo wa wastani na gia ya juu, kisha ongeza mafuta. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki ule ule, ilhali waya na oili viko sawa, basi sahani au springi zimechoka. Hapo safari iahirishwe na fundi afungue. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa.

Madereva wetu nao tunawakumbusha: usipumzishe vidole kwenye mkono wa klachi unapotembea, wala usiizuie pikipiki mlimani kwa klachi nusu. Tumia breki. Chukua waya wa akiba na spana zake, na usizidishe mzigo.

Ndugu wajumbe, dereva hawezi kubeba jambo hili peke yake. Tunaomba kila kamati iteue mtu mmoja wa kusoma daftari la pikipiki kila wiki na kutia sahihi. Dereva akiandika kasoro, ajibiwe kabla ya kupangiwa safari nyingine.

Ndugu wafadhili, siku ya kukabidhi pikipiki mpya hupigwa picha nyingi. Siku ya kubadilisha waya wa klachi haina picha. Hata hivyo, pikipiki iliyotolewa bila fungu la oili, waya na fundi haitafika mbali. Tunaomba fungu hilo liwemo tangu bajeti ya kwanza.

Klachi yetu ilitoa taarifa mapema, na dereva wetu akaiandika. Waliochelewa ni sisi. Tusichelewe tena.