Mvua ya Mawe Ikishapita: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumkabidhi Fundi Gari

Hotuba kwa wamiliki wa magari wa nyanda za juu za Kericho na Nandi



Wenyeji wa Kericho na Nandi hawahitaji kufundishwa mvua ya mawe ni kitu gani. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na vilima hivi, hupanda juu kwa kasi, na ifikapo alasiri mawingu huangusha barafu. Wataalamu wa hali ya hewa hulihesabu eneo hili miongoni mwa yale yapatayo siku nyingi za mvua ya mawe duniani. Mara nyingi mawe hayo ni madogo, na hasara yake huonekana kwenye majani ya chai. Lakini ziko siku ambazo mawe huwa makubwa, na mwenye gari hutoka nje akakuta boneti na paa vimebonyea kila mahali, kana kwamba vimepigwa nyundo. Habari za siku hiyo na zile zinazofuata ndizo tulizokuja kuzungumza nanyi.

Tuanze na lalamiko moja lililotufikia. Mwalimu mmoja alikuwa na gari dogo alilolinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Mvua ya mawe ilimharibia paa na boneti. Fundi alimwahidi kazi ya siku mbili, akataka fedha zote mbele, tena taslimu. Gari lilirudi likimeremeta. Miezi michache baadaye rangi ya paa ilitoa malengelenge, kisha ikapasuka. Chini yake palikuwa na puti nene iliyopakwa juu ya rangi ya zamani bila kukwanguliwa, na kutu ilikwisha kuingia. Alipofika kwetu tulimwuliza: makadirio yako wapi? Stakabadhi iko wapi? Zipo picha za kabla ya kazi? Hakuwa na hata kimoja. Fundi naye alishikilia kwamba alipatana na mteja boneti tu, wala paa hakuligusa. Hatukuwa na cha kumwonyesha. Mwalimu yule alilipia kazi ileile mara ya pili, huku mkopo wa gari ukiendelea kukatwa katika mshahara wake.

Hatupendi kumrudisha mwananchi nyumbani namna hiyo. Ndiyo maana tumeona heri tuyaseme haya mapema.

Jambo la kwanza ni saa zile za mwanzo. Mvua ikikatika, piga picha za gari zima, kisha za kila sehemu kwa karibu. Vibonyeo huonekana vizuri zaidi mwanga unapokuja kwa ubavu, yaani asubuhi au jioni. Funika kioo kilichovunjika ili maji yasiingie ndani. Kisha soma hati yako ya bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo sheria inayoilazimisha, hulipa madhara unayowafanyia wengine. Haitalinyoosha paa lako. Bima kamili, ile ambayo wengi huiita komprehensivu, kwa kawaida hugharimia madhara ya mvua ya mawe, lakini soma masharti yake, hasa kiasi ambacho wewe mwenyewe utatakiwa kuchangia. Iarifu kampuni upesi, wala usiruhusu kazi ianze kabla mtathmini wake hajaliona gari.

Jambo la pili ni kujua gari lako linahitaji kazi ya namna gani. Si kila kibonyeo kinadai rangi mpya. Ikiwa bati limebonyea lakini rangi haikupasuka, fundi aliyejifunza kazi hiyo anaweza kulisukuma taratibu kutoka upande wa ndani kwa vyuma virefu, au kulivuta kutoka nje kwa gundi maalumu, mpaka lirudi mahali pake. Rangi ya kiwandani hubaki, puti haitumiki, na gharama aghalabu huwa ndogo. Njia hii haifai pale rangi ilipopasuka, pale bati lilipovutika mno, wala kwa vibonyeo vingi vilivyo kwenye kingo. Basi muulize fundi: ni vipi vitakavyosukumwa, na ni vipi vitakavyopigwa puti? Fundi mwema atavihesabu mbele yako na kuvitia alama.

Jambo la tatu ni kazi ya rangi yenyewe. Mteja si lazima awe fundi, lakini akizijua hatua atajua ni ipi iliyorukwa. Gari huoshwa na mafuta yote huondolewa. Bati hunyooshwa kwanza, ili puti isibebeshwe kazi ya nyundo. Rangi iliyopasuka hukwanguliwa mpaka bati lionekane, na kutu, ikiwapo, huondolewa yote. Puti hupakwa nyembamba, milimita chache tu, ikaachwa ikauke kabisa, kisha hupigwa msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi ulio laini. Hufuata praima, nayo hupigwa msasa laini. Ndipo rangi hupulizwa kwa matabaka mepesi, na mwisho hupakwa vanishi inayoilinda na jua. Kila tabaka lina muda wake wa kukauka. Anayeahidi kulimaliza paa zima lenye vibonyeo vingi kabla ya kesho, muulize ni muda upi kati ya hiyo anaokusudia kuukata.

Kuhusu rangi kufanana: gari lina namba yake ya rangi, iliyoandikwa kwenye kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Namba hiyo ndiyo itumike kuchanganyia rangi. Hata hivyo, gari lililokaa juani kwa miaka halina tena rangi ileile ya siku lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo fundi hujaribu kwanza kwenye kipande cha bati, na kwa rangi zenye chembe za kumeta huipulizia kidogo sehemu ya jirani ili macho yasione mpaka. Kazi hiyo iandikwe katika makadirio, isije ikazuka baadaye kama gharama mpya.

Jambo la nne ni karatasi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari. Omba makadirio kwa maandishi kabla ya kazi: sehemu zitakazotengenezwa, njia itakayotumika, aina ya rangi, bei ya vifaa na ya ufundi, tarehe ya kumaliza, na dhamana. Kazi yoyote ya ziada isifanywe kabla hujaikubali. Kipuri kikibadilishwa, iwe taa au kioo, omba urudishiwe cha zamani. Ukitoa malipo ya awali, yawe sehemu tu ya bei, tena kwa njia inayoacha kumbukumbu, na salio ulitoe baada ya kukagua.

Jambo la tano ni kulipokea gari. Usilipokee usiku, wala likiwa na maji ya kuoshwa, kwa kuwa maji huficha mengi. Simama kwenye mwanga wa mchana, utazame kwa ubavu kivuli cha ukuta au cha mti juu ya bati: kikipinda, bado kuna bonde. Gonga kwa vidole sehemu iliyotengenezwa na ile isiyoguswa, ulinganishe sauti. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itashika chuma. Isiposhika, huenda puti ni nene, ingawa haishiki pia kwenye alumini wala plastiki. Tazama kama rangi imerukia mipira ya milango na vioo. Kioo cha mbele kikibadilishwa, muulize fundi ni saa ngapi gundi inahitaji kabla ya gari kwenda barabarani, nawe uzitii. Ukiona kasoro, iandike kwenye stakabadhi kabla ya kutia sahihi.

Mambo yakiharibika licha ya hayo yote, mrudie fundi kwanza, kwa maandishi na picha. Asipokusikia, njoo kwetu. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza pia kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mwananchi anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ikiwa mgogoro ni na kampuni ya bima, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko. Milango hiyo yote iko wazi, ila anayeingia mikono mitupu hutoka kwa shida.

Hatukuja kuwasema mafundi. Wako mafundi wa jua kali, wasio na jengo wala bango, ambao kazi yao hudumu kuliko gari lenyewe, na fundi wa namna hiyo haogopi kuandikiana na mteja, maana karatasi humlinda naye dhidi ya mteja asiye mkweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu tuliyemtaja sasa huweka daftari ndani ya gari lake. Tunawaomba nanyi mfanye hivyo leo, kabla mawingu hayajakusanyika tena.