Simu Tunazo, Kazi Iko Wapi?

Ndugu zetu wa Songo Mnara, mlioko kisiwani na mlioko Kilwa Masoko, Lindi na Dar es Salaam,

Mwaka 1981 magofu yetu na ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Dunia inayajua mawe yetu. Vijana wetu haiwajui. Fundi anayejua kujenga kwa chokaa na mawe ya matumbawe hana hata picha moja ya kazi yake mtandaoni. Za harusi anazo tele!

Vijana, pigeni picha ukuta kabla ya kazi na baada yake, wekeni Facebook au Instagram, andikeni mahali na mwaka. Jina liwe lile la kwenye vyeti. "Mtoto wa Pwani" haitwi kwenye usaili. Na laini msibadilishe ovyo, mwajiri hatawatafuta mara mbili.

Kazi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal, bure. Tangazo la WhatsApp lihakikisheni huko kwanza. Anayedai hela ya fomu ni tapeli, hata kama anamjua mama yako kwa jina.

Nanyi wenye kazi mijini, kusambaza tangazo kwenye kundi hakutoshi. Mchukueni kijana mmoja, msomeeni maombi yake kabla hayajatumwa. Kwa michango ya leo tunataka kununua kompyuta na vifurushi vya intaneti, ili kijana asilipe nauli ya mashua hadi Masoko kila anapoomba kazi.