UADIMU NA THAMANI YA SARAFU ZA DHAHABU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu)



Watu wengi hudhani ya kuwa kitu kisichoonekana mara kwa mara hakina budi kuwa na bei kubwa. Sivyo. Uadimu ni jambo moja, na thamani ni jambo jingine. Nitawapa mfano wa sarafu mbili.

Ya kwanza ni pauni ya dhahabu ya Uingereza. Uzito wake wakaribia gramu 8, na katika kila sehemu 12, sehemu 11 ni dhahabu safi. Zimepigwa kwa mamilioni mengi.

Ya pili ni rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi walipozibiwa njia ya bahari na kupungukiwa na fedha. Dhahabu yake ilitoka katika machimbo ya Sekenke. Ina sura ya tembo. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na katika kila sehemu 4, sehemu 3 tu ni dhahabu. Zilipigwa 16,198.

Basi, kwa mizani ya sonara, pauni ndiyo yenye dhahabu nyingi zaidi. Lakini wakusanyao sarafu za kale huilipia ile ya Tabora bei kubwa zaidi. Si kwa uchache wake peke yake, bali kwa kuwa waitakao kwa ajili ya habari zake ni wengi, na sarafu zenyewe ni chache. Sonara akipiga leo kipande kimoja cha dhahabu chenye jina lake, kitakuwa cha pekee duniani. Lakini ni nani atakayekitafuta? Kitauzwa kwa uzito tu.

Kwa hiyo aliyerithi sarafu ya kale asiipeleke kuyeyushwa, asiitoboe kuifanya kidani, wala asiisugue kwa mchanga. Kila tendo hilo huipunguzia bei.

Naye aambiwaye, “Nunua upesi, hii ni adimu,” na aulize kwanza mambo matatu: Je, ni ya kweli, maana za bandia zipo? Ina dhahabu kiasi gani? Na ni nani mwingine aitakaye? Asipopata jibu la hilo la tatu, na asilipe zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza.