Serikali Haina Dini, Sisi Tunayo

Vijana wa Mukuru kwa Reuben,

Mada mmeichagua wenyewe, na swali lililokuja ni hili: ikiwa misikiti na makanisa yote yanakataza ushoga, mbona korti za Kenya zinawapa mashoga haki? Tulijibu bila kuzunguka.

Kwanza tujue korti ilisema nini, maana wengi wetu tunabishana na kitu tulichosoma kwa WhatsApp. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Upeo, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kuwatetea. Kuunda chama ni haki ya kila mtu, Kifungu cha 36 cha Katiba. Basi. Haikuhalalisha ndoa, Kifungu cha 45 bado kinasema mtu wa jinsia tofauti. Wala haikufuta Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha miaka 14 jela. Hicho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.

Na hicho cha 162, ambacho wengine mnakiita sheria ya Mungu, kiliandikwa na nani? Waingereza, kwa mfano wa sheria waliyoitunga India mwaka 1860. Hakikutoka Makka. Sharia yetu inasema kitendo ni haramu, na hapo sibadilishi neno. Lakini Sharia hiyohiyo inataka mashahidi wanne ili uzinifu uthibitike, na anayetuhumu bila hao anachapwa viboko 80. Kupeleleza aibu za watu pia ni haramu. Sasa niambie, kijana anayesikiliza kupitia ukuta wa mabati halafu anaita genge, anafuata Sharia gani?

Turudi kwa serikali. Kifungu cha 8 ni kifupi sana: hakuna dini ya serikali. Kuna wanaosema kifutwe. Wenzangu, kumbukeni 2010. Viongozi wa makanisa walikuwa wameenda kortini tangu 2004 kupinga mahakama za Kadhi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao, kwamba kuziweka kwenye Katiba ni kuipendelea dini moja. Tulitetea mpaka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti ikapita, na leo Kadhi yuko Kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi, na ni kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Hatukumlazimisha Mkristo yeyote. Hiyo ndiyo hoja iliyotuokoa.

Ukitaka serikali ianze kutekeleza dini, uliza itakuwa dini ya nani. Sisi ni wachache. Kesi ya hijabu ya shule ya Isiolo tuliipoteza Mahakama ya Upeo Januari 2019, na serikali haikuwa hata na dini!

Halafu kuna askari. Uganda ilipitisha sheria yake Mei 2023, ikawalazimisha watu kuripoti wenzao; Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya huko ikakiondoa kipengele hicho, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, ana mswada wake hapa. Wengi wenu mmeufurahia. Mimi naangalia nani atapewa nguvu ya kubisha mlango usiku. Aprili 2014 walibisha Eastleigh, na maelfu wakakamatwa, wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Hawakuuliza nani ana dhambi, waliangalia sura na kitambulisho.

Kwa hivyo msimamo wangu: mafundisho yabaki madrasa, kwenye mimbari na nyumbani, tena yafundishwe vizuri kuliko sasa, maana kutukana si kufundisha. Kupinga uamuzi wa korti kwa maandamano ya amani ni haki yako, Kifungu cha 37. Kuvunja mlango wa jirani ni jinai.

Haya, maswali. Tuanze na dada zetu pale nyuma, wamenyanyua mikono kitambo.